Mlio wa Mguu wa Kushoto

Ulianza Machi, pamoja na mvua,
pale Kinyerezi lami inapokata tamaa.
Ngo.
Kama mtu abishaye hodi kwa kidole kimoja,
mwenye haya, chini ya miguu ya mke wangu.
"Umesikia?"
"Nimesikia."
Tukaongeza sauti ya redio.

Kufika Mei mlio umeshazaa.
Ngo-ngo kwenye tuta la shule,
ngongongo kwenye rasta za Barakuda.
Mbazi, kiti cha nyuma, akawa anauhesabu:
kanisani hadi nyumbani, arobaini na moja.
Dada yake akasema kuna mzee kafungiwa tairini,
anaomba atolewe.

Fundi wa kwanza hakuinama hata kidogo.
Kijiti mdomoni, akasema: shokapu. Zote mbili.
Laki mbili na themanini.
Gari likatulia kama bwana harusi,
likavuka geti la gereji,
ngo.
Wa pili akasema boljointi.
Boljointi ikafungwa, mpya, na grisi yake,
ada ya muhula ikachelewa wiki mbili.
Ngo.

Nikawa kama mwenye jino bovu,
ulimi hauendi pengine.
Naendesha redio nimezima, kioo nimeshusha,
kichwa nimekilaza upande,
majirani wakanipa pole ya shingo.

Lusekelo nilimpata Tabata Relini.
Hakugusa spana. Alivuta ndoo, akaikalia,
akauliza kama nesi wa zahanati:
Linalia likipanda tuta, au likishuka?
Tairi moja ikiingia shimoni, au zote kwa pamoja?
Ukishika breki, linanyamaza?
Siku ya mvua je?
Hakuna aliyewahi kuniuliza.
Kumbe majibu yote nilikuwa nayo.

Nikakimbilia jeki.
"Acha," akasema. "Ukiliinua, vyuma vinajikaza,
ubovu unajificha. Wagonjwa wa namna hii
wakimwona daktari wanachangamka.
Liache lisimame kwa miguu yake."
Akatandika boksi la friji, akaingia uvunguni hadi kiunoni,
akamwita Mbazi: "Shika hapo juu, litikise."
Mtoto aliyekatazwa mwaka mzima kuligusa gari
akalitikisa kama mwenye deni nalo.
"Tena."
Mkono wa Lusekelo ukapita chuma baada ya chuma,
kama wa mtu atafutaye ufunguo umeme ukikatika.
"Tena, kijana."
Kimya.
Halafu, kutoka chini: "Huyu hapa."

Linki ya stabilaiza. Haizidi shibiri,
kichwa chake kinacheza ndani ya mpira uliochanika.
Elfu thelathini na tano, Gerezani,
na bodaboda ya kuifuata.
Ile kuukuu akanikabidhi, imefungwa gazetini,
"usije ukasema sikubadilisha."

Jioni tukazivuka rasta zote.
Mbazi akahesabu sufuri, akanuna.
Mke wangu akasema "mh," ile mh yake,
ambayo tafsiri yake ni laki ngapi zimepotea.

Tukafika. Geti limefungwa.
Tangu Machi hatukuwahi kulikuta limefungwa.
Nikapiga honi, kwangu mwenyewe, kama mgeni.
Nikapiga tena.
Ndipo mama akatoka, Namkunda wa Usangi,
mtoto wa jicho kamtanda macho yote mawili,
anapapasa komeo.
"Nani?"
"Ni sisi, mama."
"Sisi nani? Wangu huwa nawasikia
tangu kwenye shimo la kwa Msuya.
Hapo ndipo nabandika chai."

Jikoni sufuria ilikuwa baridi.
Nilisimama getini, sikujua niombe radhi kwa lipi.
Kisha nikakumbuka gazeti mfukoni,
nikalifungua, nikaishika linki kwa ncha,
nikaitikisa karibu na sikio lake.

Ngo, kwa mbali. Ngo.

"Ahaa," akasema, akasogea kando.
"Haya, karibuni."